Kwa Nini Adungwe Mama? Somo Kutoka kwa Sungura, Panya na Ndama



Kuna swali ambalo akina mama wengi huuliza wakiwa kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Muuguzi amewaambia kwamba watadungwa sindano ya pepopunda ili kumkinga mtoto. Mmoja wao huguna na kusema, "Sasa ikiwa anayeogopewa ni mtoto, mbona nidungwe mimi? Si wangoje azaliwe kwanza?"

Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Kwa maoni yangu ni swali zuri la baiolojia, na katika makala haya ningependa tulijibu hatua kwa hatua. Jibu lake halikupatikana kwa binadamu kwanza, bali lilipatikana kwa wanyama. Njiani tutaona vile wanasayansi hutumia wanyama kuchunguza magonjwa ya bakteria yanayowashambulia watoto wachanga, na pia mahali ambapo mnyama hawezi kutusaidia. Fauka ya hayo, nataka wale wanaosema ati Kiswahili hakiwezi sayansi wasome mpaka mwisho kabla ya kutoa hukumu.

MNYAMA KIELELEZO NI NINI?

Mtoto mchanga ni yule aliye katika siku 28 za kwanza za maisha yake. Akiingiwa na bakteria anaweza kuzidiwa kwa muda wa saa chache tu. Hawezi kusema anaumwa wapi. Wakati mwingine hata joto la mwili halipandi, bali hushuka. Daktari anapoitwa, hajui bakteria waliingia saa ngapi, walikuwa wangapi wala walipitia wapi. Na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumpa mtoto bakteria makusudi ili aone kitakachotokea.

Hapo ndipo mnyama kielelezo anapoingia. Huyu ni mnyama anayechaguliwa kwa sababu jambo fulani katika mwili wake hufanana na la binadamu. Katika maabara mtafiti hujua umri wa mnyama, saa aliyopewa bakteria na idadi ya bakteria hao. Panya ana faida nyingine. Hubeba mimba kwa siku kama 20 tu, kwa hivyo mtafiti anaweza kumfuata mama, mtoto na mjukuu katika mwaka mmoja.

Lakini tuwe waangalifu. Kielelezo ni kama ramani ya Kenya iliyo ukutani darasani. Itakuonyesha njia ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, lakini huwezi kuteka maji katika Ziwa Victoria lililochorwa pale. Kila mara inatubidi tuulize: mnyama huyu anafanana na mtoto katika jambo gani, na hafanani naye katika lipi? Swali hilo ndilo kiini cha somo letu.

PEPOPUNDA YA WATOTO WACHANGA

Hebu tuanze na ugonjwa wenyewe. Pepopunda husababishwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani. Anaishi katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, akiwa ndani ya ganda gumu linalostahimili ukavu na joto jingi. Hapendi hewa ya oksijeni. Akipata kidonda kilichofunikwa, hapo ndipo huamka na kuzaana.

Kwa mtoto mchanga, kidonda hicho ni kitovu. Kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, au kikipakwa samadi au udongo, bakteria hupata mlango. Mtoto huzaliwa mzima na kwa siku mbili za mwanzo hunyonya na kulia kama kawaida. Kuanzia siku ya tatu hivi anashindwa kunyonya, taya zinakaza, mwili unakuwa mgumu, na akiguswa tu anakakamaa. Zamani watu waliona kukakamaa huko wakasema mtoto ameingiwa na pepo, na nadhani ndiyo sababu neno lenyewe linaanza na "pepo".

Ugonjwa huu haukuwa mchezo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 1988 peke yake watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda ulimwenguni.

SUNGURA WA MWAKA WA 1890

Mwaka wa 1884 mtafiti Mjerumani, Arthur Nicolaier, aliwadunga wanyama udongo wakashikwa na pepopunda. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba ugonjwa hutoka ardhini. Mwaka wa 1889 Mjapani Shibasaburo Kitasato, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alifaulu kumtenga bakteria huyo akamkuza peke yake. Baadaye ikathibitika kwamba bakteria mwenyewe hasafiri sana mwilini. Hukaa pale pale kidondani na kutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayoshambulia neva.

Mwaka wa 1890 Kitasato na mwenzake Emil von Behring walifanya jambo la ajabu. Walimzoesha sungura sumu ya pepopunda mpaka ikawa haimdhuru tena. Kisha wakachukua maji ya damu yake, yaani damu iliyoondolewa chembe zake, wakawadunga panya. Panya hao walipopewa sumu ya pepopunda hawakufa, ilhali wenzao ambao hawakupata maji hayo walikufa.

Maana yake nini? Ndani ya damu ya sungura mlikuwa na kitu kinachoikamata sumu, na kitu hicho kingeweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Leo tunakiita kingamwili. Tayari umeona nusu ya jibu letu: kinga inaweza kutengenezwa na mmoja ikamlinda mwingine. Nusu iliyobaki ni hii: je, mama anaweza kumpa mtoto wake kinga bila sindano, kwa njia za kimaumbile?

PANYA WA EHRLICH

Swali hilo lilijibiwa mwaka wa 1892 na Paul Ehrlich, huko huko Berlin. Hakutumia mitambo mikubwa. Alitumia panya wadogo, chakula na akili.

Kwanza, aliwalisha panya sumu za mimea, kama ile inayotoka katika mbegu za mbarika. Alianza na kiasi kidogo sana, akaongeza polepole mpaka panya wakaweza kustahimili sumu ambayo ingemuua panya wa kawaida.

Pili, aliwazalisha. Dume aliyezoea sumu alipopandana na jike wa kawaida, watoto hawakuwa na kinga yoyote. Jike aliyezoea sumu alipopandana na dume wa kawaida, watoto walikuwa na kinga. Hebu tafakari hapo, msomaji. Kama kinga ingekuwa ya kurithi, kama vile rangi ya manyoya, baba naye angeipitisha. Maadamu hakuipitisha, kinga haikuwa ya urithi. Mama alikuwa akiwagawia watoto kitu alichokuwa nacho mwilini. Tena wajukuu hawakuipata, kwa sababu mtoto aliyegawiwa tu hana kiwanda chake mwenyewe.

Tatu, na hapa ndipo ninapompa Ehrlich heko, aliwabadilishia mama. Watoto wa panya wa kawaida aliwapa panya mwenye kinga awanyonyeshe. Watoto wa panya mwenye kinga wakanyonyeshwa na panya wa kawaida. Wale wa kwanza, ambao walizaliwa bila chochote, walipata kinga kwa kunyonya. Wale wa pili walikuwa na kinga waliyotoka nayo tumboni, lakini haikudumu.

Basi Ehrlich akapata majibu mawili kwa mpigo. Kinga hupitia tumboni, na kinga hupitia katika maziwa. Tangu hapo kinga ikagawanywa mara mbili: ile ambayo mwili hujitengenezea, nayo hudumu, na ile ambayo mwili hupokea, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita.

NDAMA ANASEMA JINGINE

Je, tungeweza kuchukua majibu ya panya tukayapeleka kliniki moja kwa moja? La. Kumbuka ile ramani. Hebu tumwite shahidi mwingine ambaye wengi wetu tunamfahamu nyumbani, yaani ndama.

Kila mfugaji anajua kwamba ndama akizaliwa lazima anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Asiponyonya siku hiyo hiyo, mara nyingi huhara na kufa. Mwaka wa 1922 Theobald Smith na Ralph Little, watafiti wa Marekani, waliichunguza desturi hiyo kisayansi. Waliwanyima baadhi ya ndama dang'a, na wengine wakaipata. Wengi wa walionyimwa walikufa mapema, na ndani ya miili yao mkapatikana bakteria wa tumboni, yaani Escherichia coli, waliosambaa kila mahali. Waliopata dang'a waliishi.

Sababu ni kwamba kondo la nyuma la ng'ombe lina kuta nyingi mno, na kingamwili haziwezi kupenya. Ndama huzaliwa mtupu. Kinga yake yote ya mwanzo imo katika dang'a, na utumbo wake huzipokea kingamwili hizo kwa muda wa siku moja hivi, kisha mlango unafungwa.

Sasa tuwapange watatu hawa kwa safu. Ndama hapati kingamwili tumboni. Hupata katika dang'a tu. Mtoto wa panya hupata kwa njia zote mbili, na utumbo wake huendelea kuzipokea kwa majuma kadhaa. Mtoto wa binadamu je? Yeye hupata kingamwili za damu kupitia kondo la nyuma, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Akizaliwa baada ya miezi tisa, kiwango chake huwa sawa na cha mama au hata kukizidi. Maziwa ya mama nayo yana kingamwili, lakini hizo hubaki mdomoni na tumboni zikilinda huko. Haziingii kwenye damu kwa kiasi cha kutosha kuzuia sumu ya pepopunda.

Umeona hatari ilikuwa wapi? Mtu ambaye angemtazama ndama pekee angesema: ngojeni mtoto azaliwe, kinga yote imo katika maziwa. Ushauri huo ungewafaa ng'ombe na kuwaua watoto wa watu. Mnyama hadanganyi, lakini anajibu swali linalohusu mwili wake. Ni juu ya binadamu kujua jibu hilo linafika wapi.

Ukweli huu unaeleza pia kwa nini mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwa katika hatari zaidi. Ameondoka kabla mama hajamaliza kumfungia mzigo wa safari.

KUTOKA MAABARA HADI KLINIKI

Sumu halisi haiwezi kudungwa mama mjamzito. Katika miaka ya 1920 Gaston Ramon wa Ufaransa aligundua kwamba sumu ya bakteria ikitiwa formalini na kuwekwa mahali penye joto, hupoteza ukali wake lakini bado huufundisha mwili kutengeneza kingamwili. Hiyo ndiyo chanjo.

Hata hivyo, ilibidi jambo hilo lithibitishwe kwa watu wenyewe. Mwaka wa 1961 F. D. Schofield na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao huko New Guinea, ambako pepopunda ilikuwa ikiwamaliza watoto wachanga. Waliwachanja akina mama wakiwa waja wazito. Waliopata sindano moja watoto wao hawakufaidika sana. Waliopata mbili walifaidika, na waliopata tatu walifaidika zaidi. Ndiyo maana muuguzi husisitiza mama arudi kwa sindano ya pili, na kwamba aipate angalau majuma mawili kabla ya kujifungua. Mwili unahitaji muda wa kutengeneza kingamwili na kuzivusha.

Matokeo yake? Kutoka vile vifo 787,000 vya mwaka wa 1988, makadirio ya mwaka wa 2018 yalikuwa vifo 25,000. Mwaka huo huo wa 2018 Kenya ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Lakini tuelewe neno "kutokomeza". Maana yake ni kwamba katika kila wilaya hapapatikani hata mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa wazima. Bakteria mwenyewe bado yumo shambani na zizini, na hataondoka. Tukiacha chanjo na wembe safi, atarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

BAKTERIA WENGINE, SWALI LILE LILE

Labda utauliza kama kazi imekwisha. Bado. Wapo bakteria wawili wanaowasumbua sana watafiti hata leo.

Wa kwanza ni streptokokasi wa kundi B. Huishi katika utumbo na njia ya uzazi ya mama bila kumdhuru, lakini mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa akapata maambukizi ya damu au homa ya uti wa mgongo. Makundi ya streptokokasi yalibainishwa mwaka wa 1933 na mwanamke mwanasayansi wa Marekani, Rebecca Lancefield, akitumia maji ya damu ya sungura. Baadaye ilionekana kwamba kingamwili dhidi ya ganda la sukari la bakteria huyu huwalinda panya. Mwaka wa 1976 Carol Baker na Dennis Kasper wakaonyesha kwamba watoto waliougua ni wale ambao mama zao walikuwa na upungufu wa kingamwili hizo. Basi watafiti wakarudia mtindo wa Ehrlich: wakawachanja panya majike, kisha wakawapa bakteria watoto waliozaliwa.

Jambo hili linatuhusu sisi. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2016 uliwapima karibu akina mama 8,000, na asilimia 12 hivi walikuwa na bakteria huyu. Hadi ninapoandika makala haya, chanjo yake bado iko katika majaribio. Matokeo ya jaribio moja la Afrika Kusini, yaliyochapishwa mwaka wa 2023, yalionyesha kwamba kingamwili za mama aliyechanjwa humfikia mtoto.

Lakini angalia tena mipaka. Mara nyingi panya hudungwa bakteria wengi tumboni kwa mara moja. Mtoto wa binadamu huwapata kidogo kidogo njiani akizaliwa. Kwa hivyo panya huyo anaweza kutuambia kama kingamwili zinafanya kazi. Hawezi kutuambia vizuri vile ugonjwa unavyoingia.

Kwa swali hilo la pili alitafutwa mnyama mwingine, panya wa aina kubwa ya maabara, na bakteria wa pili, Escherichia coli wa aina ya K1. Tangu mwaka wa 1977 ilijulikana kwamba watoto wa panya hao wakilishwa bakteria huyu kwa mdomo, anaweza kutoka utumboni hadi kwenye damu na kutoka kwenye damu hadi kwenye utando wa ubongo, njia inayofanana na ile ya mtoto mchanga. Tena umri una maana kubwa. Panya wa siku mbili huugua sana, ilhali wa siku tisa hustahimili. Kwa muda wa juma moja tu utumbo umekomaa na kujenga ukuta. Hilo linawapa watafiti swali jipya: ni nini hasa kinachokomaa, na je, tunaweza kumsaidia mtoto avuke siku hizo salama?

NA HAKI YA MNYAMA JE?

Rafiki zangu kadhaa wameniuliza kama si ukatili kuwatia panya ugonjwa. Wana haki ya kuuliza. Panya huyo anaumia na kufa, wala hakuombwa ruhusa. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kanuni tatu: tumia njia nyingine badala ya mnyama kila inapowezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, punguza maumivu yao. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka mtu awe na leseni kabla ya kufanya majaribio kwa wanyama.

Mimi nakubali majaribio hayo kwa sharti moja. Mtafiti aweze kueleza, kabla hajaanza, anauliza nini na kwa nini mnyama huyo anaweza kujibu. Asiyeweza kueleza hayo anamwua mnyama bure.

JIBU LA SWALI LETU

Sasa, yule mama kwenye foleni aambiweje? Aambiwe hivi: "Mama, mtoto akizaliwa, mwili wake haujui bado kujitengenezea kinga upesi, na pepopunda huja siku ya tatu. Tukimdunga siku hiyo tutakuwa tumechelewa. Lakini wewe mwili wako unajua. Ukidungwa leo utatengeneza kinga, na kondo la nyuma litaivusha hadi kwake akiwa bado tumboni. Atakuja duniani akiwa nayo."

Maneno hayo hayana hata istilahi moja ngumu. Ukiweza kumwambia dada yako, shangazi yako au jirani yako, utakuwa umelielewa somo hili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini dume aliyezoea sumu alikuwa muhimu katika majaribio ya Ehrlich, ingawa hakuwapa watoto wake kinga?
2. Linganisha ndama, mtoto wa panya na mtoto wa binadamu kuhusu njia wanazopata kingamwili za mama.
3. Mfugaji anamchanja ng'ombe mwenye mimba, kisha ndama ananyimwa dang'a. Je, ndama atakuwa na kinga? Eleza.
4. "Pepopunda imetokomezwa, kwa hivyo chanjo haihitajiki tena." Jadili.